Tommy Handley: Mcheshi aliyeikejeli serikali wakati wa vita

Kila Alhamisi usiku, katikati ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mamilioni ya Waingereza walifunika madirisha yao kwa mapazia mazito ili mwanga usiwaongoze marubani wa Ujerumani, kisha wakaketi kando ya redio. Mchana viwandani walikuwa wamepigiwa muziki wa kuwachangamsha kazini, katika kipindi ambacho BBC ilikianzisha Juni 1940. Saa mbili unusu usiku ilikuwa zamu ya Tommy Handley.

Handley alizaliwa Liverpool mnamo Januari 1892. Alihudumu jeshini katika Vita Vikuu vya Kwanza, akachekesha watu katika majukwaa ya miji mingi, na tangu miaka ya 1920 sauti yake ikazoeleka redioni. Hata hivyo, ni vita vilivyomfanya mgeni wa kila nyumba.

Vita vilipozuka Septemba 1939, serikali iliamuru sinema na kumbi za maigizo zifungwe kwa muda, nayo televisheni changa ya BBC ikazimwa. Redio ikabaki peke yake. Idara ya burudani ilihamishwa kutoka London hadi Bristol, na huko, Septemba 19, Handley akaanza upya kipindi cha ITMA, ambacho hakikuwa kimevuma kilipojaribiwa Julai. Herufi hizo zilifupisha maneno yenye maana ya Ni Yule Mtu Tena, yaliyotumiwa magazetini kumhusu Adolf Hitler.

Mwandishi wake alikuwa Ted Kavanagh, mzaliwa wa New Zealand, aliyechota mizaha kutoka kwa habari za wiki ile ile.

Ujasiri wa kipindi hicho ulikuwa katika shabaha yake. Handley alijifanya waziri wa Wizara ya Maudhi na Mafumbo, akitoa amri zisizo na kichwa wala miguu. Kwa wananchi waliochoshwa na fomu, vitambulisho na, kuanzia Januari 1940, mgao wa chakula, hiyo ilikuwa dawa. Shirika la umma liliwaacha wakubwa wachekwe hadharani huku nchi ikipigania uhai wake, jambo lisilofikirika Berlin.

Hofu ya majasusi nayo ilitiwa mzaha. Jasusi wa Kijerumani aitwaye Funf alipiga simu mara kwa mara kutoa vitisho vya kipuuzi. Sauti yake ya kutisha ilikuwa ya mwigizaji Jack Train akizungumzia ndani ya gilasi.

Mabomu yaliifuata BBC hadi Bristol, na mwaka wa 1941 idara ikahamia Bangor, Wales. Handley sasa akawa meya wa mji wa kubuni, akiingiliwa ofisini na Bi Mopp, mfagiaji mwenye ndoo yake. Baadaye akaja kanali mlevi, ambaye kila alichoambiwa alikisikia kama mwaliko wa kinywaji.

Aprili 1942 kundi hilo liliitwa Windsor kumtumbuiza Binti Mfalme Elizabeth alipotimiza miaka 16.

Amani ilirejea lakini kazi haikupungua. Handley alitangaza mara ya mwisho Januari 6, 1949, na siku tatu baadaye akafariki kwa kuvuja damu ubongoni, akiwa na umri wa miaka 56. Ibada za kumkumbuka zilifanyika katika kanisa kuu la St Paul's, London, na lile la Liverpool. BBC haikumtafutia mrithi. ITMA ilikoma baada ya vipindi 310.