Ibn Ummi Maktum: Sahaba Aliyeisikia Adhana

 

Ndugu zetu Waislamu, katika Masahaba walikuwamo wasioona kwa macho, na aliye mashuhuri zaidi katika hao ni Ibn Ummi Maktum (R.A.). Watu wa Madina walimwita Abdullah, na watu wa Iraq walimwita Amr. Babake ni Qays bin Zaida, Mkureshi, mjombake Bibi Khadija (R.A.). Alisilimu mapema huko Makka.

Kisa chake kijulikanacho na kila mtoto wa chuoni ni kile cha Sura Abasa. Alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka elimu, naye yu katika mazungumzo na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji wasilimu. Mtume alikunja uso, na Mwenyezi Mungu akateremsha aya kumzindua. Tangu hapo Mtume alizidi kumkirimu.

Lakini wengi wetu twaishia hapo, nasi hatumjui mtu mwenyewe. Huyu ni katika wahajiri wa kwanza. Kabla ya Mtume kuhama, mwaka 622, yeye na Mus'ab bin Umayr (R.A.) walitangulia Madina, safari ipitayo kilomita 400, wakawasomesha watu Kurani. Kisha akawa mwadhini pamoja na Bilal (R.A.). Katika Ramadhani Bilal akiadhini usiku ungalipo, na Ibn Ummi Maktum akiadhini alfajiri ya kweli, baada ya kuambiwa na watu kuwa kumekucha. Na adhana yake ndiyo iliyozuia daku. Zaidi ya mara moja Mtume aliposafiri alimwacha Madina awasalishe watu. Basi asiyeona alikuwa mwalimu, mwadhini na imamu. Wala hakuwekwa mlangoni kunyosha mkono.

Sasa tutazame njia yake ya kwendea msikitini. Alimwendea Mtume akaeleza udhuru wake: nyumba yake iko mbali, hana wa kumwongoza kila wakati, kati yake na msikiti pana mitende na miti, na Madina ina wadudu wa sumu na wanyama wakali. Akaomba ruhusa ya kusali nyumbani. Mtume akampa ruhusa, kisha akamwita akamwuliza kama huisikia adhana. Alipojibu kuwa huisikia, akamwamuru aiitikie.

Wako wakichukuao kisa hiki kuwa ni mzigo wa kipofu peke yake. Si hivyo. Itban bin Malik (R.A.), ambaye macho yake yalipungua nguvu na bonde la njiani likijaa maji ya mvua, aliruhusiwa, na Mtume mwenyewe akaenda kusali nyumbani kwake. Na maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema asiyeona hailazimu Ijumaa ila apatapo wa kumwongoza, walau kwa ujira akiwa nao. Na baadhi yao wakaongeza ajuaye kutembea vyema kwa fimbo. Basi hukumu yafuata hali ya njia na kupatikana mwongozi, na mambo mawili hayo yamo mikononi mwetu sisi tuonao.

Mtume amefunza kuwa kuondoa udhia njiani ni katika tanzu za imani, na amemlaani mwenye kumpoteza kipofu njia. Nasi je? Katika vichochoro vya miji yetu twaegesha pikipiki na mikokoteni ubavuni mwa ukuta, pale pale apapasapo kwa fimbo. Mifereji twaiacha wazi, na mchanga na mawe ya kujengea twayamwaga penye njia. Wadudu na wanyama wa Madina hawakuletwa na mtu. Haya twayaleta wenyewe, kisha twashangaa jirani yetu haonekani jamaani!

Na kumwongoza kuna adabu yake. Mtolee salamu na ujitaje jina. Usimvute mkono wala usiishike fimbo yake, kwani hiyo ndiyo impayo habari ya njia. Mpe kiwiko chako akishike, utangulie hatua moja. Mwambie panapo ngazi, kama ni ya kupanda au ya kushuka. Barabarani usimwache katikati. Mvushe mpaka ng'ambo, na utakapoondoka mwage, asije akasema na hewa.

Ibn Ummi Maktum hakukaa nyuma hata vitani, ijapokuwa Kurani imewatoa wenye udhuru. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.), vita vya Qadisiyya huko Iraq, kama mwaka wa 15 wa Hijra (636), alionekana amevaa deraya, ameshika bendera nyeusi. Wako wapokeao kuwa alikufa shahidi huko, na wako wasemao alirejea akafia Madina.

Adhana ya alfajiri yaadhiniwa mitaani mwetu, na wasioona huisikia kama aliivyoisikia yeye. Tuwasafishie njia, tuwashike mkono, na watoto wao tuwapeleke chuoni na skuli pamoja na wetu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.