Mhunzi, Mkewe na Kigari cha Umeme

Kila aundaye kichwa cha treni cha mfano kiendacho kwa umeme hujua kwamba nusu ya kazi ni kuunda, na nusu ya pili ni kutafuta vipande vya kuundia. Huku kwetu Mwambao fundi wa namna hiyo atakwanyua mota katika redio ya kaseti iliyokufa, atakata bati la mkebe, na waya ataupata kwa mkarabati wa feni. Wasomaji wangu, leo nataka niwaeleze maisha ya babu wa mafundi hao wote, Thomas Davenport wa Marekani, kwani yana mazingatio.

Alizaliwa tarehe 9 Julai, 1802, mjini Williamstown, katika jimbo la Vermont, nchi ya milima na theluji. Baba yake alifariki naye angali mdogo. Alipotimia miaka 14 akawekwa kwa mhunzi ajifunze kazi, akakaa huko miaka 7. Shule hakupata ila kidogo. Mwaka 1823 alifungua kiwanda chake cha uhunzi upande wa Brandon, akagonga chuma kama wagongavyo wenziwe, na mwaka 1827 akamwoa Emily Goss, binti wa mfanyabiashara. Riziki ilikuwa yaja, na laiti angetulia hapo angekufa mtu mwenye nafasi yake.

Lakini mwaka 1833 alipata habari kwamba ng'ambo ya ziwa Champlain, huko Crown Point, kwenye mgodi wa chuma, iko sumaku ya ajabu. Ilikuwa ni chuma kilichopindwa mfano wa kiatu cha farasi, kikazungushiwa waya wa shaba. Waya ukiungwa na betri, chuma hupata nguvu ya kuvuta. Ukitengwa, nguvu hutoka papo hapo. Davenport alipoiona, moyo wake ulinasa kabla ya msumari. Ili aweze kuinunua, bidhaa za nduguye, aliyekuwa mchuuzi, ziliuzwa, na farasi mzuri akabadilishwa kwa farasi dhaifu ili ipatikane ziada ya fedha. Majirani waliona ni wazimu.

Mwingine angalikiweka kabatini kitu cha thamani kama hiyo. Yeye aliifumua. Akawa autoa waya mzunguko baada ya mzunguko, na Emily ameketi na kalamu, aandika jinsi kila tabaka lilivyopangwa. Baada ya hapo wakataka kuunda yao. Chuma hakikuwa taabu, maana mwenyewe ni mhunzi. Taabu ilikuwa waya: ukiwa uchi na ukagusana na mwenziwe, umeme hupita njia ya mkato na sumaku haifanyi kazi. Ilihitajiwa nguo ya hariri ya kuutenga, na fedha zilikuwa zimekwisha. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba Emily alifungua sanduku, akaitoa hariri ya nguo yake ya harusi, akaikata vipande vyembamba. Kwetu sisi, ambako leso moja ya arusi hukaa sandukuni miaka thelathini ikifukizwa udi, haihitaji mtu kutueleza uzito wa mkasi ule.

Mwaka 1834 mota ilizunguka. Ilikuwa na sumaku za umeme nne, mbili zimekaa pahala pamoja na mbili zimefungwa kwenye gurudumu, na kati yao vipande vya shaba vya kugeuza mkondo wa umeme kila nusu mzunguko, ili sumaku zisitulie zikashikana bali zizidi kusukumana. Ufungue leo mota ndogo ya kichezeo, utaikuta hekima ile ile ndani yake. Mwaka 1835 akaitia mota katika kigari kidogo, akakiweka juu ya reli ya duara, nacho kikaenda bila ya moshi wala farasi.

Alipotaka haki ya uvumbuzi wake, mfano alioupeleka Washington uliungua Desemba 1836 pamoja na ofisi yenyewe ya hati hizo. Akaunda mwingine. Tarehe 25 Februari, 1837, alipewa hati nambari 132, ya kwanza Marekani kwa mashine ya umeme. Mwaka 1840 alitoa gazeti la habari za umeme, lililochapwa kwa mtambo uliozungushwa na mota yake mwenyewe. Na mimi niliye mtu wa magazeti namvulia kofia kwa hilo.

Wanunuzi, hata hivyo, hawakuja. Ila haikuwa katika mota, ilikuwa katika betri: tindikali ilikuwa ikila zinki, na zinki ilikuwa ghali kuliko makaa ya mawe. Mvuke ukamshinda kwa bei. Alirejea Vermont mikono mitupu, akafariki tarehe 6 Julai, 1851, zikisalia siku tatu atimize miaka 49. Ilipofika 1879, Werner von Siemens aliendesha mjini Berlin treni ndogo ya abiria kwa umeme wa jenereta uliopitishwa relini, na lile fumbo la gharama likaanza kufumbuka. Na mwaka 2024 jirani zetu wa Tanzania walianza kupanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma.

Wako watakaosema mtu huyu aliipoteza mali ya nyumba yake kwa kichezeo. Mimi siwaafiki. Alipanda mnazi, na apandaye mnazi huenda asinywe dafu lake. Neno langu ni moja tu: hati ile nambari 132 ina jina la mume peke yake. Lau ningeshika kalamu mimi, ningaliandika mawili.