Ben Webster: Mkali aliyebembeleza kwa saksafoni

WALIOMFAHAMU Ben Webster akiwa amelewa walijifunza kumpisha njia. Alikuwa pande la mtu, mabega mapana na ngumi nzito, na hasira zake ziliwaka bila ilani. Wanamuziki wenzake walimbandika lakabu yenye maana ya hayawani, nayo ikamwandama hadi kaburini.

Hata hivyo, mtu huyo huyo alipoishika saksafoni yake na kuanza wimbo wa mahaba wa mwendo wa taratibu, ukumbi mzima ulitulia tuli. Sauti iliyotoka ilikuwa nyororo, yenye joto na huzuni, mithili ya mtu anayemnong'onezea mwenziwe siri usiku wa manane. Zaidi ya nusu karne baada ya kufariki kwake, wapenzi wa muziki wa jazz wangali wanamhesabu miongoni mwa magwiji wakuu wa nyimbo za aina hiyo.

Benjamin Francis Webster alizaliwa Machi 27, 1909 katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri nchini Marekani. Alilelewa na mamake, aliyekuwa mwalimu, pamoja na bibi mmoja wa ukoo wao. Kina mama hao walitaka kijana wao ajifunze fidla, ala ya watu wa heshima. Yeye hakuipenda. Aliiendea piano, akafunzwa mapigo ya bluzi na jirani yake, Pete Johnson, ambaye baadaye alikuja kuvuma kama mpiga piano.

Ujana wake ulimpeleka Amarillo, Texas, ambako alipiga piano katika jumba la sinema enzi za filamu bubu. Ni huko ndiko Budd Johnson alikomwonyesha misingi ya saksafoni. Punde si punde akajiunga na bendi ya familia ya Mzee Willis Young, babake Lester Young. Mzee huyo alimpokea kijana ambaye hakujua kusoma noti, akamnoa. Kwa hivyo, vijana wawili ambao wangekuja kuitikisa dunia ya jazz walifanya mazoezi chini ya paa moja.

Katika miaka ya thelathini Webster alihama kutoka bendi moja hadi nyingine, ikiwemo ya Bennie Moten na ya Cab Calloway. Mnamo 1934 aliingia katika bendi ya Fletcher Henderson jijini New York, bendi iliyompa sifa Coleman Hawkins, mwanamuziki aliyeifanya saksafoni ya tenori iheshimike katika jazz. Webster alimwiga Hawkins kwa miaka kadhaa: sauti nene, nguvu nyingi, noti zilizofuatana kama maji ya mto uliofurika. Wakati huo hakuwa bado na sauti yake mwenyewe.

Mabadiliko yalikuja mwaka wa 1940 alipoajiriwa na Duke Ellington. Yeye ndiye aliyekuwa mpigaji solo wa kwanza wa kudumu wa saksafoni ya tenori katika bendi hiyo. Mwaka huo huo alirekodi Cotton Tail, wimbo wa kasi ambao solo yake ilimpa umaarufu. Lakini funzo kubwa alilipata kwa mwenzake wa safu moja, Johnny Hodges, aliyepuliza saksafoni ya alto. Hodges alijua kuivuta noti moja taratibu, akaipandisha na kuishusha kama mwimbaji. Webster alisikiliza usiku baada ya usiku, akaanza kupunguza noti zake. Katika All Too Soon, wimbo wa polepole uliorekodiwa pia mwaka wa 1940, tayari anasikika mtu mwingine.

Siri ya sauti hiyo ilikuwa pumzi. Saksafoni hulia kwa kutetemeka kwa kipande chembamba cha mwanzi kilichofungwa kwenye mdomo wa ala. Mpigaji akikaza midomo na kupuliza kwa nguvu, sauti hutoka kali na safi. Webster, kwenye nyimbo za taratibu, alilegeza midomo na kupuliza kwa upole, hata hewa yenyewe ikasikika pamoja na noti. Mwishoni mwa sentensi ya muziki, noti ilififia hatua kwa hatua mpaka ikabaki pumzi tupu. Msikilizaji hakuweza kusema kwa yakini sauti ilikoma wapi na kimya kilianzia wapi.

Kadhalika, alikuwa na subira. Hakuona haya kuupiga wimbo jinsi ulivyotungwa, akibadilisha noti mbili tatu tu. Wapo wanaosimulia kwamba alitaka kuyajua maneno ya kila wimbo aliopiga, ili saksafoni itamke badala ya kulia tu. Katika wimbo wa kasi, mpigaji hodari anaweza kuficha upungufu wake nyuma ya wingi wa noti. Wimbo wa taratibu haumpi nafasi hiyo. Kila noti husimama peke yake na kupimwa.

Webster aliondoka kwa Ellington mwaka wa 1943. Miaka iliyofuata haikuwa rahisi. Vijana wa mtindo wa bebop walikuwa wameingia mjini na kasi ya ajabu, na wakongwe wengi walionekana wamepitwa na wakati. Yeye hakujaribu kuwafukuza. Alizidi kwenda pole.

Busara ya uamuzi huo ilidhihirika Septemba 1956, aliporekodi na Art Tatum, mpiga piano ambaye vidole vyake vilikuwa kama mvua ya masika. Wengi waliowahi kucheza na Tatum walijikuta wakishindana naye, na kushindwa. Webster hakushindana. Alimwacha Tatum amwage noti zake zote, naye juu yake akatandaza wimbo mmoja mrefu, mpana, usio na papara. Tatum alifariki Novemba mwaka huo huo. Rekodi hiyo ingali inatajwa kama mojawapo ya vilele vya jazz ya polepole.

Upole wa muziki huo haukumponya. Pombe iliendelea kumtawala, na urafiki mwingi ulivunjika kwa sababu ya maneno na mikono yake. Ingekuwa makosa kudhani kwamba saksafoni ndiyo iliyokuwa Webster wa kweli na ulevi ni kivuli tu. Wote wawili walikuwa mtu mmoja, na walioishi naye walibeba mzigo wa yule mmoja ili wamsikie mwingine.

Kwa miaka mingi aliwatunza mamake na yule bibi waliomlea. Walipofariki mwanzoni mwa miaka ya sitini, hakubaki na kamba ya kumfunga nyumbani. Kazi Marekani ilikuwa imeadimika kwa watu wa mtindo wake. Mwishoni mwa 1964 alisafiri hadi London kupiga katika klabu ya Ronnie Scott. Hakurudi Marekani tena.

Kama wasemavyo wahenga, nabii hakubaliki kwao. Ulaya ilimpokea kwa mikono miwili. Aliishi Amsterdam, Uholanzi, kisha akahamia Copenhagen, Denmark, mwaka wa 1969. Katika ukumbi wa Montmartre jijini humo alipiga pamoja na vijana kama Niels-Henning Ørsted Pedersen, mpiga besi aliyekuwa bado hajatimiza miaka ishirini walipokutana mwaka wa 1965. Mwili wake ulikuwa umechoka na vidole vimepungua wepesi, lakini hasara hiyo aliigeuza faida. Kadiri noti zilivyopungua, ndivyo kila moja ilivyozidi kuwa na uzito.

Mapema Septemba 1973 alitumbuiza kwa mara ya mwisho katika mji wa Leiden, Uholanzi. Muda mfupi baadaye alipatwa na kiharusi, na Septemba 20 akafariki dunia mjini Amsterdam akiwa na umri wa miaka 64. Majivu yake yalizikwa katika makaburi ya Assistens, Copenhagen. Jiji hilo lina barabara yenye jina lake, na wakfu ulioanzishwa Denmark mwaka wa 1976 kwa mapato ya kazi zake umekuwa ukiwatuza wanamuziki wa jazz.

Saksafoni aliyoitumia tangu 1938 ilirudi Marekani bila yeye. Imehifadhiwa katika taasisi ya jazz ya Chuo Kikuu cha Rutgers, jijini Newark. Webster alikuwa ameacha agizo kwamba, akishakufa, mtu yeyote asiipulize tena.