Jim Clark: bingwa aliyepokonywa mataji mawili na mafuta ya injini

Zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake, Jim Clark angali anahesabiwa kati ya madereva bora waliowahi kushiriki mashindano ya magari duniani. Dereva huyo wa Scotland alishinda mbio 25 kati ya 72 za Formula 1 alizokimbia, akawa bingwa wa dunia mara mbili, mwaka wa 1963 na wa 1965. Lakini mataji hayo yangeweza kuwa manne. Mawili aliyokosa hayakuchukuliwa na mtu aliyemzidi mbio. Yalimwagika barabarani pamoja na mafuta ya injini yake.

Clark alizaliwa tarehe 4 Machi 1936 huko Kilmany, Scotland, mtoto wa mwisho na mvulana pekee katika familia ya watoto watano. Alipokuwa mdogo, wazazi wake walihamia shamba la Edington Mains, karibu na mpaka wa Uingereza na Scotland. Akiwa na miaka 16 aliacha shule ili asaidie kazi ya shamba na kuchunga kondoo. Wazazi wake hawakutaka kabisa aingie katika mbio za magari. Hata hivyo, mwaka wa 1956 alianza kushindana, na miaka miwili baadaye Colin Chapman, mwenye kampuni ya Lotus, alijionea mwenyewe uwezo wake walipokimbia pamoja kwenye uwanja wa Brands Hatch. Mwaka wa 1960 Clark aliingia Formula 1 akiwa na timu ya Lotus.

Chapman alikuwa mhandisi aliyetaka gari liwe jepesi kupita yote. Mwaka wa 1962 alitoa Lotus 25, gari jembamba ambalo dereva alilikalia karibu kama mtu aliyelala chali. Nyuma yake kulikuwa na injini ya Coventry Climax ya silinda nane na ujazo wa lita 1.5. Gari hilo likipona, hakuna aliyeliweza. Shida ilikuwa kulifanya lipone hadi mwisho wa mbio.

Tarehe 29 Desemba 1962, katika mji wa East London nchini Afrika Kusini, mashindano ya mwaka yalifika siku ya mwisho. Waliobaki kugombania taji ni wawili: Clark na Mwingereza Graham Hill wa timu ya BRM. Clark akishinda, taji ni lake. Alianza mbele ya wote na kuongoza mzunguko baada ya mzunguko, huku Hill akizidi kuachwa. Ikibaki mizunguko 20 hivi, moshi ukaanza kuonekana nyuma ya Lotus. Clark aliingia kwa mafundi wake. Walipofungua gari, waliona kwamba bolti moja ndogo ilikuwa imelegea na kutoka, na mafuta yalikuwa yakitokea hapo. Hapakuwa na la kufanya. Clark alishuka garini na kutazama Hill akimaliza wa kwanza na kuwa bingwa wa dunia.

Bolti moja huangusha gari zima kwa sababu ya kazi ya mafuta yenyewe. Ndani ya injini, vyuma vinazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kinachovitenganisha ni utando mwembamba wa mafuta unaosukumwa na pampu. Mafuta yakipungua, pampu huvuta hewa. Chuma kinagusa chuma, joto linapanda, na baada ya muda mfupi injini inakwama. Tena mtikisiko wa injini ya mashindano hulegeza chochote kisichofungwa imara. Ndiyo maana mafundi huweka washa za kuzuia bolti isizunguke, au hutoboa vichwa vya bolti na kuvifunga kwa waya, kimoja kikishika kingine.

Magari ya Lotus ya miaka hiyo bado yanakimbia katika mashindano ya magari ya kale huko Ulaya, na mafundi wanaoyatunza wanapambana na tatizo lile lile. Anayejua kazi haanzi kwa kukaza kila bolti anayoiona. Kwanza anaosha injini hadi iwe kavu, kisha anaiwasha na kuangalia tone la kwanza linatokea wapi. Mafuta huteremka, na upepo wa mwendo huyarusha nyuma; kwa hiyo mahali palipolowa sana mara nyingi sipo yanapotokea. Panapovuja hutafutwa juu zaidi na mbele zaidi. Akipaona, anabadilisha gasketi au sili iliyochoka, au mpira uliopasuka. Kukaza kupita kiasi hupinda kifuniko au kukata bolti, na gari linarudi likivuja zaidi ya mwanzo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwaka wa 1963 Lotus ilipona. Clark alishinda mbio 7 kati ya 10 na kutwaa taji lake la kwanza. Lakini mwaka huo huo mafuta yalimpitia kwa njia nyingine, safari hii yakitoka kwenye gari la mtu mwingine. Katika mbio kubwa za Indianapolis nchini Marekani, Clark alikuwa wa pili nyuma ya Mmarekani Parnelli Jones, na gari la Jones likaanza kudondosha mafuta kutoka kwenye tangi lake. Kwa kawaida gari linalomwaga mafuta njiani huitwa litoke, kwa kuwa linahatarisha maisha ya wanaolifuata. Chapman alidai Jones asimamishwe. Mwenye gari la Jones alishikilia kwamba mafuta yameshuka chini ya ufa na hayavuji tena. Wakuu wa mashindano walibishana, lakini hawakumtoa. Jones alishinda, Clark akawa wa pili, na matokeo hayakubadilika.

Kisha ikaja Mexico. Tarehe 25 Oktoba 1964, katika mbio za mwisho za mwaka, watu watatu waliweza kuwa bingwa: Hill, John Surtees wa Ferrari, na Clark. Clark aliongoza tangu mwanzo. Karibu na mwisho aliona mstari wa mafuta kwenye kona. Inasimuliwa kwamba alidhani ni ya gari lingine, akabadilisha njia ili ayakwepe. Aliporudi hapo katika mzunguko uliofuata, akakuta mafuta hata kwenye njia ile mpya. Hapo alielewa kwamba yalikuwa yake. Bomba la mafuta lilikuwa limepasuka. Injini ilikwama mzunguko wa mwisho ukianza, wakati taji lilikuwa tayari kama liko mkononi. Surtees alimaliza wa pili na kuchukua ubingwa.

Kwa mara ya pili katika miaka mitatu, kazi ya mwaka mzima ilipotea kwa kitu kidogo ambacho dereva hakukifunga wala hakuweza kukiona akiwa kwenye usukani. Clark hakuihama Lotus. Aliendelea na Chapman hadi mwisho wa maisha yake.

Alichojifunza kilionekana tarehe 10 Julai 1965, kwenye uwanja wa Silverstone nchini Uingereza. Clark alikuwa mbele kwa pengo kubwa wakati mshale wa presha ya mafuta ulipoanza kushuka. Injini ilikuwa inaishiwa mafuta, na nyuma yake alikuwa Hill yule yule wa East London. Safari hii Clark hakungoja injini ife. Kwenye kona, ambapo mafuta husukumwa upande mmoja na pampu hukosa cha kuvuta, alizima injini na kuliacha gari liserereke. Kwenye njia iliyonyooka aliiwasha tena. Kila mzunguko Hill alimkaribia. Clark alivuka mstari akiwa mbele kwa sekunde 3.2.

Mwaka huo ulikuwa wake. Wiki chache kabla ya Silverstone, tarehe 31 Mei, alikuwa amerudi Indianapolis na kuongoza mizunguko 190 kati ya 200. Alishinda kwa gari lenye injini nyuma ya dereva, jambo ambalo halikuwahi kutokea huko. Baadaye alitwaa taji la pili la dunia. Hadi leo ndiye dereva pekee aliyeshinda Indianapolis na ubingwa wa Formula 1 katika mwaka mmoja.

Ushindi wake wa 25, uliovunja rekodi ya Juan Manuel Fangio wa Argentina, aliupata tarehe 1 Januari 1968 huko Kyalami, Afrika Kusini, nchi ile ile alikopoteza taji lake la kwanza. Ulikuwa wa mwisho wake katika Formula 1. Tarehe 7 Aprili 1968, katika mbio ndogo za Formula 2 huko Hockenheim nchini Ujerumani, gari lake lilitoka njiani kwa kasi na kugonga miti. Clark alifariki akiwa na miaka 32. Uchunguzi ulielekeza kwenye tairi ya nyuma iliyokuwa ikipoteza upepo polepole.

Alizikwa Chirnside, karibu na shamba la familia yake. Kwenye jiwe la kaburi lake, neno mkulima limeandikwa kwanza, na ubingwa wa dunia unafuata chini yake.