Staudinger: Mwanakemia aliyeambiwa aachane na utafiti wake, akashinda Nobel

Kamba ya mkonge, tairi la baiskeli, ndoo ya plastiki. Ukiwa Mitwero, Lindi, vitu hivi unaviona kila siku. Vyote vimejengwa kwa molekuli ndefu sana, zilizoungana pingili kwa pingili kama mnyororo. Wataalamu wanaziita polima.

Leo hilo ni somo la darasani. Miaka 100 iliyopita, Hermann Staudinger alipolisema, wenzake wengi waliona amepotea njia.

Alitaka kusomea mimea

Staudinger alizaliwa Machi 23, 1881 mjini Worms, Ujerumani. Yeye alipenda mimea, ila alishauriwa aanze na kemia ili aielewe vizuri zaidi. Akanogewa, hakutoka tena. Mwaka 1912 akawa profesa mjini Zürich, Uswisi.

Enzi hizo Ulaya ilikuwa na njaa ya mpira. Hata mpira wa porini kutoka misitu ya Lindi na Kilwa ulipakiwa melini kwenda huko. Wafanyabiashara walijua bei yake, lakini wanakemia hawakukubaliana mpira wenyewe ni kitu gani.

Wengi waliamini ni molekuli ndogondogo zilizoshikana kwa nguvu hafifu. Mwaka 1920 Staudinger akaandika kinyume: zimeungana kabisa, maelfu kwa maelfu, zikawa molekuli moja kubwa.

Hoja yake

Miaka miwili baadaye akaleta jaribio. Aliongeza haidrojeni kwenye mpira. Kama wapinzani wake wangekuwa sahihi, ile nguvu hafifu ingeisha na mpira ungevunjika vipande vidogo. Haukuvunjika.

Bado hawakumwelewa. Heinrich Wieland, mwanakemia mkubwa aliyepata Nobel ya mwaka 1927, alimshauri kirafiki aachane na habari za molekuli kubwa. Mwaka 1926, kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Düsseldorf, alisimama karibu peke yake kuitetea hoja yake.

Mwaka huohuo akahamia Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Huko akapima mnato wa vimiminika: minyororo ikiwa mirefu, kimiminika kinavuta, kama ute wa bamia. Mke wake Magda, mtaalamu wa mimea kutoka Latvia, akawa mwenzake maabara.

Si kwamba alipatia kila kitu. Aliamini minyororo hiyo imenyooka kama fimbo, kumbe inajikunja. Lakini kwenye jambo kuu alikuwa sahihi. Katikati ya miaka ya 1930, Mmarekani Wallace Carothers alitengeneza nailoni kwa kuunganisha pingili hizo moja baada ya nyingine.

Siasa na mabomu

Maabara haikuwa vita yake pekee. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipinga vita hadharani, na baadaye akagombana na Fritz Haber kuhusu gesi ya sumu. Wanazi walipoingia madarakani mwaka 1933, msimamo huo ukamrudia. Mkuu wa chuo chake, mwanafalsafa Martin Heidegger, alimshtaki kwa serikali, akanusurika kufukuzwa.

Novemba 1944 mabomu yakaipiga Freiburg na taasisi yake ikaharibiwa vibaya. Alikuwa na miaka 63. Hakukata tamaa. Mwaka 1947 akaanzisha jarida la kisayansi la molekuli kubwa, na Freiburg ikawa na kongamano la kila mwaka la watafiti wa polima, ambalo limedumu miongo mingi baada yake. Hoja aliyoitetea karibu peke yake Düsseldorf sasa ilikuwa inajaza ukumbi.

Nobel ya Kemia ilimfikia mwaka 1953, akiwa na miaka 72. Ni miaka 33 tangu andiko lake la kwanza. Alifariki Septemba 8, 1965, Freiburg.

Inatuhusu vipi?

Lindi ina mkonge na korosho. Nguvu ya uzi wa mkonge inatokana na selulosi, ambayo ni polima. Mafuta ya ganda la korosho nayo hugeuzwa kuwa polima za kutengenezea gundi, rangi na breki za magari. Anayeuza korosho ghafi anauza na ganda lake, na kemia iliyomo humo anaifaidi mwingine.