Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, mtafuta vitabu wa Mvita

Likitajwa jina la Mazrui mbele ya wasomi, wengi humkumbuka Profesa Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 2014 na kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu. Ni haki yake kukumbukwa. Lakini baba yake, Sheikh al-Amin bin Ali, anastahili kutajwa kabla yake, kwani ndiye aliyeufungulia Mji wa Kale wa Mombasa mlango wa vitabu ambavyo wengi wa wakazi wake walikuwa hawajapata kuvisikia.

Sheikh al-Amin alizaliwa kisiwani Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla bin Nafi, alikuwa mwanachuoni mkubwa na mtunzi, mtu aliyeithamini hoja yake kuliko usalama wake. Mijadala ya madhehebu ilimtia katika gereza la Sayyid Barghash, naye hakuachiliwa ila baada ya mfalme huyo kufa mwaka 1888. Alifariki mwaka 1894, na mwanawe akabaki yatima angali mtoto mdogo. Malezi na masomo yake ya mwanzo yakachukuliwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, aliyekuwa kadhi.

Elimu ya zama zile ilikuwa na njia yake maalumu. Mwanafunzi alikaa mbele ya mwalimu wake, akasoma kitabu kimoja cha fiqhi mpaka kikaisha, kisha akaingia kingine kilichokuwa sharhi ya kile cha kwanza. Ilikuwa njia madhubuti, ila iliweza kumweka mtu miaka mingi ndani ya chumba kimoja cha nyumba kubwa ya elimu. Sheikh al-Amin aliipita njia hiyo barabara, kisha akavuka bahari kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdalla Bakathir, mabingwa wawili waliofariki mwaka mmoja, 1925. Bin Sumayt alikuwa amefika Istanbul, na habari za fikra mpya za ulimwengu wa Kiislamu hazikuwa ngeni kwake. Haikosi mwanafunzi aliondoka na zaidi ya fiqhi.

Baada ya hapo, mambo yakageuka. Kutoka Misri lilikuwa likitoka jarida la Al-Manar, lililoanzishwa Cairo mwaka 1898 na Rashid Rida, mfuasi wa Sheikh Muhammad Abduh. Sheikh al-Amin akawa msomaji wake. Humo mlikuwa na tafsiri ya Qurani, mlikuwa na siasa za mataifa, mlikuwa na mjadala juu ya elimu na sababu za Waislamu kurudi nyuma. Kwa mtu aliyelelewa juu ya matini na sharhi, hayo yalikuwa kama kufunguliwa madirisha yote ya nyumba kwa mara moja. Wengine Pwani waliyasoma hayo hayo wakanyamaza. Wengine waliyasoma wakakasirika. Yeye aliona si haki elimu hiyo ibaki kwa wachache wajuao Kiarabu.

Mwaka 1930 akatoa gazeti lake, Sahifa, kwa Kiswahili cha Mvita kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Msomaji na autazame vyema mwaka huo. Miaka miwili nyuma, mwaka 1928, mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulikuwa umeamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na vitabu vya shule vilikuwa vikitolewa kwa herufi za Kilatini. Herufi za Kiarabu, kwa upande wao, hazikutosha kwa sauti zote za Kiswahili, na Sheikh al-Amin alishughulika kuzirekebisha ili msomaji asilazimike kubahatisha neno. Kazi hiyo haisifiwi sana siku hizi. Mimi naiona miongoni mwa kazi zake kubwa, kwa sababu alifikiria kwanza msomaji atasomaje, kisha ndipo akafikiria amweleze nini.

Mwezi wa Februari 1932 likafuata Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Magazeti yote mawili hayakudumu, lakini yalitikisa mji. Aliwalaumu watu wa Pwani kwa kuuza ardhi na kutapanya fedha katika harusi na matanga, na kwa kuiga mavazi na starehe za Wazungu huku wakiiacha bidii yao katika kazi na elimu. Alihimiza watoto wasomeshwe, wa kike na wa kiume. Alikemea pia mila ambazo wenzake waliziona kuwa ni dini yenyewe, na hapo alijitafutia wapinzani, wakiwamo masharifu waheshimiwa ambao hoja zao nao hazikuwa nyepesi. Makala zilizoteuliwa kutoka Sahifa zilikusanywa mwaka 1944 katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho mpaka alipofariki mwaka 1947. Kiti cha hukumu hakikumtoa katika kalamu. Aliandika vitabu vidogo vya mafunzo ya dini, na akaanza kuifasiri Qurani kwa Kiswahili, kazi iliyokuwa na haja kubwa, kwani tafsiri kamili iliyokuwapo wakati ule ilikuwa ya mmisionari Godfrey Dale, iliyotoka mwaka 1923. Hakuwahi kuimaliza.

Kuna kitabu kimoja ambacho hakukiona kikipigwa chapa. Ni historia ya utawala wa Mazrui wa Mombasa, aliyoiandika kwa Kiarabu. Ukoo wake ndio uliotawala mji huu mpaka mwaka 1837, Sayyid Said alipoushinda na wakuu wake wakapelekwa uhamishoni. Kuandika habari za ushinde wa babu zako, ukiwa katika mji ule ule ambamo wajukuu wa walioshinda na walioshindwa wanasali safu moja, ni jambo linalotaka moyo.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 1995, miaka 48 baada ya kufa kwake, kwa jina la chuo cha wasomi wa Uingereza, matini ya Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya James Ritchie. Ni kazi ya heshima, na mfasiri anastahili shukrani. Ila mtu aliyehangaika kuzirekebisha herufi ili watu wa mtaani wasome habari zao kwa lugha yao, historia yake ilifika chapani bila ya lugha hiyo. Ningependa kuiona kwa Kiswahili, kwa bei ambayo kijana wa Kibokoni au Kuze anaweza kuimudu.