Mwalimu na Jembe la Mgeni

Ukikulia Turwa, mpaka si habari ya kitabuni. Panda gari hapo Tarime mjini, muda si mrefu uko Sirari, na ng'ambo ya pili wapo Wakurya wenzetu wa koo zilezile. Mstari huo chanzo chake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, na babu zetu hawakuulizwa. Ndiyo maana nilipopewa kazi ya semina kuhusu sheria ya wakimbizi, wenzangu walikimbilia Geneva. Mimi nikaanzia Butiama, mkoani kwetu.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Njia yake ya shule tunaijua: Mwisenge, Tabora, Makerere, halafu Edinburgh, alikomaliza mwaka 1952. Akafundisha Pugu, TANU ikazaliwa 1954, mwaka uliofuata akaacha chaki. Hayo kila mtu anayakumbuka tangu shule ya msingi. Yale ya wakimbizi huwa tunayapita haraka.

Uhuru wa 1961 ulikuta Wanyarwanda wameshaanza kuvuka kuja kwetu. Baadaye wakaja wa Msumbiji, wakikimbia vita na Wareno. Mwaka 1972 Warundi wakamiminika kwa maelfu. Nyerere hakuwaacha wakae tu wakingoja mgawo. Ile methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu aliigeuza kuwa sera: wakapewa ardhi ya kulima, na makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo yakaota katikati ya pori.

Kwenye sheria napo hakulala. Mwaka 1964 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Huo humtaka mtu awe na hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lake au siasa. Mkataba wa OAU wa 1969 ukaenda mbali zaidi, ukamkubali pia anayekimbia uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko makubwa nchini kwake. Mwezi Mei 1979 Arusha ikapokea mkutano mkubwa wa Afrika kuhusu wakimbizi. Mwaka 1980 Wanyarwanda zaidi ya 30,000 wakapewa uraia, na mwaka 1983 Mwalimu akatunukiwa Nishani ya Nansen.

Sasa tusidanganyane, jamani. Serikali hiyohiyo ndiyo iliyoleta sheria ya kudhibiti wakimbizi ya mwaka 1965. Kwa sheria hiyo mkimbizi aliweza kuamriwa akae eneo fulani asitoke, na hata kufukuzwa nchini. Yaani jembe alipewa, lakini pa kwenda alipangiwa. Kilichomlinda zaidi kilikuwa moyo wa mkubwa, si haki ambayo angeweza kuidai mahakamani. Na wakubwa hubadilika. Mwaka 1995, Mwalimu akiwa ameshang'atuka miaka 10, Tanzania iliufunga mpaka wake na Burundi, na sheria mpya ya 1998 ikakaza kamba zaidi.

Yeye mwenyewe uzeeni aliufuata ugonjwa kwenye mzizi. Kuanzia 1996 alisuluhisha mgogoro wa Burundi, ili watu wasilazimike kukimbia tena. Kifo kilimkuta London tarehe 14 Oktoba 1999, na mkataba wa amani ukasainiwa Arusha mwezi Agosti 2000 bila yeye. Miaka iliyofuata, Warundi wa 1972 na watoto wao zaidi ya 160,000 walipata uraia. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapahapa.

Semina yangu niliimalizia hapo. Wanasheria watarajiwa tunampenda Mwalimu kwa ukarimu wake, na ni haki. Ila kazi aliyotuachia ni ile asiyoimaliza: kuuandika ukarimu ule kwenye sheria, ili anayefika mpakani usiku asilazimike kuuliza kwanza nani yuko Ikulu.